Bampa la Mkwe

Mzee Spana hakumpenda mkwewe, wala hakumchukia. Alikuwa akimpima. Mwaka wa sita huo tangu kijana amwoe bintiye wa pekee, na bado mzee alikuwa anampima, kama mtu anayegusa chuma kwa ncha ya kidole ili ajue kama kimeshapoa. Mkwe mwenyewe alikuwa karani wa ofisi ya maji, mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku za mapumziko. Pale gereji walishambatiza jina la Kiyoyozi, kwa sababu tangu wamfahamu hakuna aliyewahi kumwona ameshusha kioo cha gari. Mtu wa namna hiyo, Mzee Spana alipenda kusema, ukimpa nyundo atakuuliza upande wa kushikia ni upi.

Kwa hiyo asubuhi ya Alhamisi, Kiyoyozi alipoingia uani na gari refu la kwenda porini, lile linalovuta magurudumu yote manne, mzee aliacha kunywa chai. Juu ya keria palikuwa na mzigo mpana uliofungwa kwa blanketi na kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gari la nani?"

"Langu." Kisha, baada ya kusita kidogo, "La kwetu. La nyumbani."

Mzee akaliona lile la kusita. Akalihifadhi.

Walishusha mzigo wakiupumzisha mara tatu, Kiyoyozi akihema kama aliyebeba kabati. Lilikuwa bampa la nyuma, jipya kabisa, si lile la kiwandani bali la kutengenezwa na watu wanaojua makorongo: chuma kinene cheusi, ndoano mbili za kuvutia gari lililokwama, na juu yake mikono miwili inayofunguka kama mageti. Mkono mmoja ni wa kubeba tairi la akiba. Wa pili una vishikio vya madumu mawili ya mafuta, ya lita ishirini kila moja.

"Naomba unifungie, baba. Hakuna haraka. Ila likikamilika kufikia kesho jioni itakuwa vizuri zaidi."

"Hakuna haraka, ila kesho jioni."

"Ndiyo."

"Na madumu ya nini? Unasafiri?"

Kiyoyozi akaangalia viatu vyake. "Ni kwa usalama tu, baba."

Usalama. Kutoka nyumbani kwake mpaka ofisi ya maji ni mwendo wa dakika kumi na tano, na katikati kuna vituo vitatu vya mafuta. Mtu wa aina gani anajihadhari kwa lita arobaini zaidi? Mzee Spana alijitia hamnazo, akachukua spana zake, akalala chini ya gari.

Bampa la zamani lilikuwa limeota kutu mpaka limekuwa kitu kimoja na chesesi, ile fremu ya chini ya gari. Akazipulizia bolti mafuta, akaziacha zinywe, na wakati zikinywa akafungua mlango wa nyuma ili achomoe nyaya za taa ya namba. Hapo ndipo alipokiona kitanda.

Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa vyote. Mahali pake pamejengwa sanduku la mbao lenye droo, kazi safi, pembe zimepigwa msasa, na juu ya sanduku kuna godoro jipya lililo bado ndani ya nailoni. Dirishani kumetundikwa pazia la maua madogo madogo. Mzee akatoa futi yake ya chuma, maana yeye kitu asichokipima ni kama hajakiona. Upana sentimita sitini na tano. Urefu mita moja na sitini na tano. Akaandika tarakimu hizo kiganjani kwa kalamu, kama alivyozoea, akasimama akizitazama.

Kitanda cha mtu mmoja. Ama Kiyoyozi anakwenda mahali peke yake, ama anakwenda na mtu mwembamba sana.

Tangu hapo kichwa cha mzee hakikutulia. Alikata bolti mbili zilizogoma kwa grenda, cheche zikiruka, na katika kila cheche anaona sura ya bintiye amekaa peke yake kwenye ile nyumba, akisubiri mtu ambaye hatarudi. Yeye na binti walikuwa chanda na pete. Huyo mtoto alikulia hapo hapo uani, akijua saizi za spana kabla hajajua kusoma, na alipokua akasomea ufundi wa majokofu, kwa sababu alitaka, alisema, mashine isiyomwaga mafuta. Leo anatengeneza majokofu ya chanjo kwenye hospitali ya hapo mjini. Kila Jumapili anakuja kula kwa wazazi, na kila Jumapili baba yake hukaa mlangoni tangu saa nne akijifanya anaota jua.

Saa sita mchana, simu ya Kiyoyozi ikalia. Akasogea mpaka getini, akampa mzee mgongo. Mzee Spana akazima drili na kutega sikio, huku akipangusa kitu ambacho hakikuwa na vumbi.

"Hapana, mzee hajui," alisikika Kiyoyozi akisema, kwa sauti laini ambayo mzee hakujua kama anayo. "Sijamwambia neno. Jumamosi alfajiri, kabla hajapata habari. Usiwe na wasiwasi, mpenzi. Kila kitu kitakuwa tayari."

Mpenzi! Kwa hesabu za mzee, mwanamume hawezi kuongea kwa sauti ya namna hiyo na mke wa mwaka wa sita. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwita mkewe mpenzi hata mwaka wa kwanza, na mbona wamezeeka pamoja vizuri tu.

Mkwe alipoaga kwenda ofisini, mzee akampigia binti.

"Mama, mko salama na mwenzio?"

"Tuko salama, baba. Kwani vipi?"

"Hakuna. Nauliza tu. Anarudi nyumbani mapema?"

Binti akacheka, kicheko kifupi, cha haraka, cha mtu anayefunga mlango kwa mguu. "Anarudi, baba. Siku si nyingi nitakuja tuongee vizuri. Nina neno nataka kukwambia, lakini si kwa simu."

Basi mambo yameiva, mzee alijiambia. Mtoto anajua, na anaona haya.

Ijumaa alifanya kazi polepole kuliko siku zote. Akaliinua bampa jipya kwa jeki ya magurudumu, ubao katikati ili rangi isikwaruzike, akalisukuma mpaka matundu ya mabano yakaangaliana na matundu ya chesesi. Bolti nane, nne kila upande. Zote akazianzisha kwa vidole, maana ukikaza moja kabla ya wenzake bampa linakwenda upande na halirudi. Akaweka pima maji juu. Akaingiza kidole cha shahada kwenye mwanya kati ya bampa na bodi, kushoto, kulia, mpaka mwanya ukawa sawa. Ndipo akachukua spana kubwa ya kupimia nguvu, ile inayolia ikifika kipimo, akaanza kukaza kwa kukatisha: moja ya kulia juu, moja ya kushoto chini.

Na hapa lazima nieleze kuhusu alama. Bolti ya Mzee Spana ikishafika kipimo, yeye huchukua brashi nyembamba na rangi nyeupe, akapiga mstari mmoja kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye bano. Mstari ukikatika, bolti imezunguka. Mstari ukiwa mzima, hakuna haja ya kugusa. Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kupiga mstari kabla spana haijalia. Madereva wa malori walikuwa wakiinama, wanaona mstari mweupe, wanapanda na kuondoka. Ndivyo alivyomfundisha hata bintiye: usinisikilize mdomo, tazama mstari.

Alipofika bolti ya sita akasimama. Zilibaki mbili, za kushoto juu. Akakaa chini ya gari na spana mkononi, na mawazo mabaya yakamjia yakiwa yamevaa nguo nzuri.

Kiyoyozi ni mwoga wa kelele. Mwaka jana alilileta gari lake gereji kwa sababu ya mlio ambao ulikuja kuonekana ni sarafu inayocheza kwenye kisanduku cha vikombe. Bolti hizi mbili zikibaki za mkono, zimezungushwa kwa vidole tu, bampa litaanza kugonga pale pale lami itakapoisha, na huyu bwana atageuza mbio mbio. Hatafika kokote na huyo mpenzi wake. Atarudi hapa na hapo ndipo atakapokalishwa kwenye kiti, mbele ya binti, aeleze hicho kitanda. Hatari haipo, mzee alijiambia. Bolti sita zinatosha kushika bampa tupu.

Alizipiga mstari mweupe zote nane. Kwenye hizo mbili za mwisho akaona aibu kama mtu aliyetoa harufu mbele ya wageni, lakini akapiga.

Jioni Kiyoyozi alikuja, akainama na kutazama chini ya gari kwa makini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Naona alama zote zipo, baba," akasema.

"Zipo."

"Ahsante sana. Hujui umetusaidia kiasi gani."

Mzee akamtazama usoni bila kupepesa, akitafuta uongo. Aliona tu kijana aliyechoka, mwenye jasho kwenye kola. Akaamua kuwa huo ndio uongo wenyewe.

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, mkewe alimwekea chai mezani, akakaa mbele yake. Mama huyu hakuwa na tabia ya kukaa asubuhi. Siku zote anakunywa chai yake amesimama, akipanga mambo ya siku.

"Mzee, nina habari, na usinipigie kelele."

"Nimeshajua," akasema Mzee Spana. "Mkweo amekimbia."

"Nani akimbie? Mkwe yuko nyumbani kwake. Ni binti aliyeondoka, saa kumi na mbili. Amepata kazi ya zahanati za mbali, ng'ambo ya machimbo ya kokoto. Atazunguka akitengeneza majokofu ya chanjo, anakaa huko wiki tatu, anarudi wiki moja. Walitaka mtu mwenye gari lake, basi mumewe akauza lile dogo, wakanunua hilo. Hata kitanda kamtengenezea mwenyewe, kwa mikono yake, ili mtoto asilale kwenye vyumba vya watu asiowajua."

Mzee alifungua kiganja chake. Kalamu ilikuwa imefifia lakini ilisomeka. Mita moja na sitini na tano. Kiyoyozi ana karibu mita moja na tisini. Kwenye kitanda kile miguu yake ingening'inia nje ya mlango. Yeye mpima kila kitu alikuwa amepima, akaandika, na asione.

"Kwa nini sikuambiwa?"

"Kwa sababu ungezuia." Mama alisema bila hasira, kama anayesoma orodha ya sokoni. "Mara ya kwanza alipopata kazi ya mbali ulisema barabara mbaya. Mara ya pili ukasema kifua kinakubana, ukalazwa siku mbili, daktari akakuambia huna kitu, na mtoto akaacha kazi akae kukuuguza. Safari hii tuliamua utaambiwa akishaondoka. Mkwe hakupenda. Alisema si heshima. Mimi ndiye niliyemnyamazisha."

"Gari limebeba nini?" Sauti ya mzee ilikuwa imebadilika.

"Vyombo vyake vya kazi, tairi la akiba, na madumu mawili yamejaa. Kwani nini?"

Mzee alikuwa tayari amesimama, kikombe kimelala mezani na chai inatiririka kwenye kitambaa. Alipiga simu ya binti mara tano akielekea kwenye pikapu. Haikupokewa, na alijua kwa nini. Ni yeye aliyemfundisha kutogusa simu akiwa ameshika usukani.

Pikapu ya mzee ilikuwa na umri wa kupewa pensheni. Aliikanyaga mpaka ikalia. Njia nzima alikuwa akiona kitu kimoja tu: kilo mia na ushei zimening'inia kwenye bolti sita, mkono wa tairi ukivuta kwenda nyuma kila gari linaporuka shimo, sita zinabaki tano. Alijisemesha kwa sauti. Alimwomba Mungu kwa maneno ambayo hakuwahi kuyatumia msikitini wala kanisani wala popote, maneno ya gereji, ya mtu aliyeshika kitu kizito kinachomponyoka.

Lami iliishia kwenye machimbo ya kokoto. Kilomita mbili baada ya hapo akaliona gari, limeegeshwa pembeni mahali tambarare, mawe mawili yamewekwa nyuma ya magurudumu. Miguu ya bintiye ilitokeza chini yake. Mzee alishuka kabla pikapu haijasimama sawasawa.

"Mama!"

Miguu ikasogea. Binti akajivuta, akatoka, akakaa kwenye vumbi na spana mkononi. Nywele zake zilikuwa na mchanga na macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeumia?"

"Sijaumia. Lilianza kugonga pale lami ilipoishia, nikapunguza mwendo, nikatafuta pa kusimama." Hakuuliza baba yake amefikaje pale. Alikuwa na jambo kubwa zaidi kifuani. "Bolti mbili za kushoto zilikuwa za mkono tu. Nilizizungusha kwa vidole. Na zote mbili zina mstari wako."

Mzee akatazama chini ya gari.

"Jana nililizunguka gari na tochi, nikaona mistari yote minane. Sikugusa spana. Ningegusa ya nini?" Akajifuta uso kwa mkono wenye grisi. "Baba, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini unasahau? Mama anajua? Nimekaa hapa saa nzima nikilia kama mtoto. Nasema kumbe baba yangu amezeeka na mimi sikuona. Nilikuwa nawaza kazi, nawaza gari, nakuficha mambo, kumbe wewe unaumwa." Akainuka, akajipangusa suruali. "Siendi. Nitawapigia watafute mtu mwingine. Siwezi kwenda wiki tatu nikakuacha hivi. Geuza pikapu, nakufuata."

Kilikuwa kile kile alichokitaka kwa miaka yote, na sasa kimewekwa mbele yake bila hata kukiomba. Hakuhitaji kusema uongo. Angeinamisha kichwa tu, akasugua goti, na mtoto angerudi nyumbani. Jumapili zingekuwapo. Hakuna mtu duniani angejua. Na yeye angesamehewa, tena kwa huruma, kwa sababu mzee aliyesahau hana kosa. Mzee Spana aliitaka sana huruma ile. Alimtazama bintiye akifungua mlango wa nyuma kutafuta simu, akasogeza lile pazia la maua kwa uangalifu ili lisishike grisi.

"Sikusahau," akasema.

Binti akageuka.

"Mikono yangu mizima. Macho yangu mazima. Niliziacha hizo mbili bila kuzikaza kwa makusudi, na nikazipiga mstari kwa makusudi. Nilikiona kitanda, nikamsikia mumeo kwenye simu, nikadhani anakukimbia. Nilitaka ligonge, ashtuke, arudi. Sikujua ni wewe."

Lori la kokoto likapita, likawafunika kwa vumbi wote wawili.

"Na kama ingekuwa yeye kweli," binti akasema taratibu, "na asirudi? Bampa lingemwangukia nani, baba? Mtu wa pikipiki nyuma yake?"

Mzee akatazama barabara nyuma ya gari, njia nzima mpaka kwenye lami.

"Mume wangu alikesha siku mbili akipiga msasa zile mbao. Alikuwa ananigombeza kila siku, anasema mzee aambiwe, si vizuri kumficha mzee."

"Nisamehe, mama."

"Nimesikia."

Akaokota spana kutoka kwenye vumbi, akalala tena chini ya gari. Mzee alisikia chuma kikishika chuma. Alianza na zile mbili alizokwisha kuzikaza kabla baba hajafika, akahamia ya tatu, akavuta, ikagoma. Ya nne, ikagoma.

"Hizo nyingine nilizikaza, mama. Kwa kipimo. Hizo ni nzima."

Spana ya binti ikagusa ya tano.

"Sijui," akasema kutoka chini. "Sijui, baba."

Akaendelea mpaka ya nane. Kisha akatoka, akafuta spana kwa kitambaa, akairudisha kwenye sanduku lake, akaondoa mawe nyuma ya magurudumu. Mzee alitaka kusaidia kubeba moja, lakini binti alikuwa ameshayabeba yote mawili.

"Mume wangu utamwambia wewe mwenyewe," akasema akipanda. "Leo. Mimi sitalibeba hilo."

"Nitamwambia."

Akawasha gari. Mzee alisogea dirishani, akashika ukingo wa mlango, kama alivyokuwa akifanya kila Jumapili jioni wanapoagana, akingoja kuambiwa neno lile la siku zote, kwamba nikifika nitakupigia.

"Nikifika," binti akasema, akitazama barabara, "nitampigia mama."

Mzee akaachia mlango.